Wanawake Watatu wa Millet Hawavuni

Kwa miaka mingi, mchoro wa rangi ya mafuta wa mchoraji Mfaransa Jean-François Millet wa mwaka 1857, uitwao Waokota Masazo (Des glaneuses), ambao sasa uko katika jumba la makumbusho la Orsay mjini Paris, umeelezwa kuwa ni picha tulivu ya wakulima wakivuna ngano yao. Maelezo hayo si sahihi, na kwa maoni yangu yanawanyima wanawake hao haki yao.

Wanawake watatu walio mbele hawavuni. Wanaokota masazo, yaani masuke machache yaliyobaki baada ya wavunaji kupita, ruhusa waliyopewa maskini wa vijijini Ufaransa. Mavuno yenyewe yako mbali nyuma yao, ambako kuna matita makubwa, mkokoteni uliosheheni na msimamizi aliyepanda farasi. Mtazame mwanamke wa kushoto, mwenye kitambaa cha buluu kichwani: ameinama hadi chini, huku mkono mmoja ukiwa mgongoni umeshika kishada chembamba cha mabua. Watazamaji wa mwaka 1857 walilielewa jambo hilo vizuri, na baadhi ya wahakiki, wakikumbuka mapinduzi ya 1848, ambapo watu wa kawaida waliuangusha ufalme wa Ufaransa, waliingiwa na hofu.