Kwa nini Marekani ilizitupa rangi tano za tahadhari ya ugaidi?

Je, wajua kwamba Marekani iliwahi kuwa na kipimo cha ugaidi chenye rangi tano, na kwamba mbili kati ya hizo hazikutumika hata siku moja kwa miaka tisa?

Kipimo hicho kilitangazwa Machi 2002, miezi sita baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Aliyekitangaza ni Tom Ridge, wakati huo mshauri wa Rais George W. Bush kuhusu usalama wa ndani. Kijani ilimaanisha hatari ni ndogo, buluu kwamba ipo lakini si ya kutisha, njano kwamba imepanda, rangi ya chungwa kwamba ni kubwa, na nyekundu kwamba imefikia ukomo. Siku ya kwanza nchi ikawekwa njano. Baada ya hapo ilipanda chungwa mara kadhaa, ikarudi njano, ikapanda tena. Buluu na kijani zilibaki za kupamba bango. Nyekundu ilitangazwa mara moja tu, Agosti 2006, tena kwa ndege zinazotoka Uingereza peke yake, baada ya polisi wa huko kuwakamata watu waliopanga kulipua ndege zinazovuka Atlantiki kwa vilipuzi vya majimaji vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji. (Ukinyang'anywa chupa yako ya maji kwenye ukaguzi uwanja wa ndege, chanzo ni njama hiyo.)

Kwa nini kipimo hakikushuka chini ya njano? Jiweke kwenye kiti cha afisa mwenye dhamana. Ukishusha leo na bomu likalipuka kesho, jina lako ndilo litakalosomwa mbele ya Bunge. Ukiacha njano na lisitokee lolote, hakuna atakayekuuliza. Kwa hesabu hiyo kupandisha ni rahisi, kushusha ni kujitoa mhanga. Usafiri wa anga uliwekwa chungwa Agosti 2006, na huko ulibaki mpaka mfumo wenyewe ulipofutwa mwaka 2011. Vipaza sauti vya viwanja vya ndege vilirudia tangazo lilelile mwaka hadi mwaka, na abiria wakaendelea kusukuma mizigo yao.

Lakini kuzoeleka ni nusu tu ya tatizo. Rangi haikumwambia mtu afanye nini. Hilo lilionekana wazi Februari 2003, wiki chache kabla ya vita vya Iraki. Nchi ilipandishwa chungwa, na siku chache baadaye serikali ikawashauri wananchi waweke nyumbani maji na chakula cha siku tatu, redio ya betri, pamoja na karatasi za nailoni na mikanda ya gundi ya kuzibia madirisha iwapo kutatokea shambulio la kemikali. Sehemu ya kwanza ni ushauri mzuri kabisa, unafaa hata kwa mafuriko au umeme kukatika. Kilichobaki vichwani mwa watu ni nailoni na gundi. Maduka ya vifaa vya ujenzi yakaishiwa, wachekeshaji wa televisheni wakapata la kusema, na Ridge ikabidi ajitokeze kuwaomba watu wasianze kuziba milango na madirisha.

Halafu kulikuwa na bili. Kila chungwa ilipotangazwa, miji iliongeza polisi kwenye madaraja, bandari na vituo vya treni, na ovataimu ililipwa na miji hiyo. Mwanzoni mwa vita vya Iraki chama cha mameya kilikadiria gharama hiyo kuwa takriban dola milioni 70 kwa wiki. Meya wa mji mdogo usio na daraja wala bandari alikuwa na haki ya kuuliza: tishio hili liko wapi hasa?

Siasa nazo zikaingia. Agosti 1, 2004, siku chache baada ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic, tahadhari ilipandishwa kwa majengo ya taasisi za fedha New York, Newark na Washington. Mara ikajulikana kwamba sehemu kubwa ya taarifa zilizotumika ilikuwa ya miaka kadhaa nyuma. Mwaka 2009 Ridge mwenyewe alieleza kwamba karibu na uchaguzi wa 2004 baadhi ya wakubwa serikalini walitaka kiwango kipandishwe tena, na hakikupandishwa. Mimi naona hapo ndipo rangi zilipokufa, ingawa maziko yalichelewa.

Mfumo uliozirithi mwaka 2011, chini ya waziri wa usalama wa ndani Janet Napolitano, ulibaki na ngazi mbili tu: tishio lililopanda na tishio lililo karibu kutokea. Kila tahadhari ilitakiwa iseme mahali, watu wanaolengwa na la kufanya, kadiri inavyojulikana, na iwe na tarehe ya kwisha. Matokeo yake? Hadi mwishoni mwa 2015 haikutolewa hata moja. Ndipo ikaongezwa aina ya tatu, taarifa ya jumla isiyohitaji tishio mahususi, nayo ikatolewa mara kwa mara.

Waingereza nao wana ngazi tano, zilizowekwa hadharani Agosti 2006, na bado wanazo. Tofauti ni kwamba anayepanga kiwango si waziri bali wachambuzi wa kituo cha pamoja kilicho ndani ya MI5, idara ya ujasusi wa ndani ya Uingereza, na ngazi ya juu hushuka upesi. Baada ya bomu la Manchester, Mei 2017, ilipanda Mei 23 na kushuka Mei 27.

Hata hivyo, tahadhari yenye mipaka inayoeleweka haina hakika ya kusikika hivyo. Pwani ya Kenya inalijua hilo. Mei 2014 serikali ya Uingereza iliwashauri raia wake wasiende kisiwa cha Mombasa na ukanda wa pwani kuanzia Mtwapa hadi Tiwi bila sababu ya lazima. Diani haikuwemo, wala uwanja wa ndege wa Moi. Lakini wakati huo, kutoka uwanjani kwenda Diani ilibidi upite kisiwani na uvuke kivuko cha Likoni, yaani ndani ya eneo lililokatazwa. Kampuni za utalii za Uingereza zikatuma ndege, zikawarudisha wateja wao nyumbani kabla ya likizo kwisha, na zikafuta safari za Mombasa kwa miezi iliyofuata.