Paka watatu na mtoto mwenye suti nyekundu

Mama mmoja wa Ujiji alinipa simu yake yenye picha ya mwanawe. "Fundi, nichoree huyu, ila mtie tabasamu." Mtoto kakaa ukingoni mwa mtumbwi pale mwalo wa Kibirizi, Ziwa Tanganyika, jua linazama upande wa Kongo, kanuna.

Kabla ya kumjibu nikamfungulia mchoro wa Goya, mchoraji wa Kihispania, wa mtoto Manuel Osorio, wa mwaka 1787 au 1788, ulioko Metropolitan Museum, New York. Akautazama. "Mtoto wa matajiri. Mbona sasa ananitia huzuni?"

Swali zuri, maana Manuel halii wala hanuni. Huzuni imewekwa na brashi. Suti yake ni nyekundu ya kuwaka, na nyuma yake hakuna kiti, hakuna dirisha wala pazia, ni rangi ya kijivujivu tupu. Mtoto anabaki peke yake. Shavu lake halina mstari. Kivuli kimeyeyushwa polepole mpaka hujui nuru imeishia wapi. Mkononi ana kamba, na kamba imemfunga ndege wa jamii ya kunguru, ambaye ameshika mdomoni kadi ya mchoraji mwenyewe (majigambo hayo, lakini namsamehe). Sasa shuka chini kushoto. Paka wawili wamemkodolea ndege macho. Wa tatu ni mweusi, kazama kizani, na usipotulia utamkosa. Mtoto hana habari nao. Sisi tunawaona, yeye hawaoni: hofu inatoka hapo.

Manuel alifariki mwaka 1792, akiwa na miaka minane, na wengi husema Goya alikichora kifo chake. Mimi sikubali. Rangi ilikuwa imekauka miaka kadhaa kabla. Msiba huo tunauleta sisi watazamaji.

Basi mdomo wa yule wa Kibirizi sikuugusa. Ngozi nilichanganya kahawia, buluu na wekundu kidogo, kwa sababu nyeusi ya kopo huifanya ngozi yetu ionekane kama masizi. Kazi kubwa ilikuwa sikio: jua lilikuwa nyuma yake, nyama ya sikio ni nyembamba, nuru inapenya na ukingo unakuwa kama kaa la moto. Siku mbili, sikio moja.

Mama alipokuja kuichukua alisimama mlangoni muda mrefu.

"Ndiye huyu," akasema. "Hivi ndivyo anavyoninunia nikichelewa kurudi kutoka sokoni."