Je, wajua kwa nini sakafu ya Beetle huanza kuoza chini ya siti ya nyuma?

Mtu akikuletea Volkswagen Beetle ya zamani akakwambia bodi safi haina shida, usianze na rangi wala bampa. Fungua mlango, nyanyua siti ya nyuma, upande wa kulia utaikuta betri imekaa, itoe, afu chukua bisibisi uguse bati lililokuwa chini yake. Kwenye nyingi nilizozigusa mimi bisibisi ilizama kama inaingia kwenye boga bovu, na mwenye gari anashangaa kweli mana huko juu kote inang'aa.

Swali hili lilinikaa kichwani tangu nilipoachiwa Beetle ya mjomba wangu, ya mwaka 1972, iliyokuwa imelala miaka chini ya mwembe hapa Tanga, nyumba ya tatu kutoka baharini. Kwa macho tu sakafu ilionekana nzima, ina kapeti lake na lami yake. Usiku mmoja nikaweka tochi ardhini chini ya gari ikiangalia juu, nikaingia ndani nikafunga milango. Sakafu yote ya nyuma kulia ilikuwa chekecheke, mwanga unapenya vitundu kwa vitundu. Huo mtihani wa tochi ni bure na haudanganyi, ila kapeti uwe umelitoa.

Sasa kwa nini pale pale? Kwanza jua Beetle imejengwaje. Haina chasisi ya reli mbili kama pikapu, ina uti wa mgongo mmoja katikati, kama bomba kubwa la bati, na kulia na kushoto kwake kuna mabati mawili ya sakafu yaliyochomelewa kwa pointi kiwandani, yani madoa madoa ya moto badala ya mstari mmoja, afu bodi nzima inakalia juu na kufungwa kwa bolti. Hilo bati la sakafu unene wake ni kama milimita 1 tu. Na juu ya hiyo milimita 1 wakaweka betri ya asidi.

Betri ya aina hiyo ikichajiwa inatoa gesi, na gesi inabeba ukungu wa asidi ya salfa, huuoni lakini upo, na charji ikizidi au mtu akijaza maji kupita kiasi inamwagika kabisa. Asidi inaanza na rangi, inailainisha na kuibandua, rangi ikiisha chuma kiko uchi. Hapo hata uache kutumia hiyo betri, hewa na maji vinamalizia kazi yenyewe. Ndo mana kabla ya kufanya chochote mahali pale osha kwanza kwa magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji, hayahaya ya kulainishia maharage, utaona yanachemka povu, na kama povu linatoka basi asidi bado imo. Rudia mpaka yatulie, afu suuza na ukaushe.

Ila betri ni mwanzo tu. Watu wengi wanaamini sakafu inaoza kutoka chini kwa sababu ya matope ya barabarani, na kuna ukweli, lakini gari za zamani nyingi zinaozea ndani kwenda nje. Mpira wa kioo cha mbele ukikauka maji ya mvua yanapita taratibu, yanashuka, yanaingia chini ya kapeti, na chini ya kapeti kuna lile felti la kuzuia kelele, linanyonya maji kama sponji na halikauki. Juu unashika kapeti kavu, chini kuna bwawa. Na sisi wa pwani tuna chumvi juu yake. Chumvi inavuta unyevu kutoka hewani yenyewe hata siku isiyo na mvua, na maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji ya kawaida, na kutu kimsingi ni umeme, yani chuma kinaachia elektroni sehemu moja na oksijeni inazipokea sehemu nyingine, maji katikati ndo waya.

Hapa kuna kitu nilichokielewa baadae sana na natamani kila fundi wa bodi akielewe. Mwanasayansi wa Cambridge aliyeitwa Ulick Evans alidondosha tone la maji ya chumvi juu ya chuma akaliangalia. Ungetegemea chuma kiliwe pembeni ya tone ambako hewa inaingia kwa wingi, kumbe kinaliwa katikati, kule oksijeni ilikokuwa kidogo, pembeni panabaki pazima. Sasa chukua hiyo uipeleke gereji. Sakafu imetoboka, fundi anakata bati jipya, analilaza juu ya lile lenye kutu, anachomelea kuzunguka kingo, anapiga lami, kazi imeisha. Kati ya yale mabati mawili kuna nafasi nyembamba kama karatasi, maji yanajivuta humo yenyewe na hayatoki, oksijeni humo ni kidogo, nje ni nyingi. Ni tone la Evans, ila limefunikwa lisionekane. Na kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokula, kwa hiyo inavimba na kusukuma yale mabati yaachane. Gari ya mjomba ilikuwa na kiraka cha namna hiyo, nilipokifungua kwa tindo kilitoka tabaka kwa tabaka kama chapati za maji zilizopangwa.

Kwa hiyo ukitaka kuitengeneza nyumbani, kazi kubwa haiko kwenye mashine ya kuchomelea, iko kwenye kukata. Kata mpaka ufike chuma cheupe kinacholia ukikigonga na nyundo, kama kinatoa sauti ya debe lililopasuka endelea kukata. Inauma, tundu la kiganja linakuwa tundu la sinia, lakini huwezi kuchomelea kwenye kutu, moto unaruka ruka na kinachobaki ni uji wenye mapovu usioshika kitu. Ila usikate pande zote mbili kwa mpigo, na kabla ya kukata chomelea au funga nondo ya kukingama kwenye uwazi wa mlango, mana sakafu na zile njia za hewa ya moto za pembeni, chini ya milango, ndo zinashikilia umbo la gari, ukiziondoa hivihivi gari linalegea katikati na milango haifungi tena.

Bati gani? Hapa naomba tuelewane vizuri. Mabati ya kuezekea hapana. La geji 30 lina unene wa milimita 0.3 hivi, utalitoboa kabla hujashusha helmeti, na juu yake kuna zinki. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907 na chuma kinayeyuka karibu na nyuzi 1500, kwa hiyo muda chuma chako kinaanza kulainika zinki ilishageuka moshi mweupe zamani na uko kwenye mapafu yako. Saa kadhaa baadae, mara nyingi usiku, unatetemeka, homa, viungo vinauma, kichwa kinagonga, na mtu wa huku kwetu anasema malaria hiyo. Siku moja au mbili inapita, lakini kama ulishinda unachomelea mabati mwambie daktari, na nenda kapime malaria vilevile. Na yale maziwa ambayo mafundi wanakunywa wakiamini yanatoa moshi, maziwa yanakwenda tumboni, moshi umekwenda mapafuni, haviwezi kukutana. Nunua bati jeusi, lisilo na zinki, la geji 18, hiyo ni milimita 1.2, au geji 20 kama unataka kukunja kwa urahisi, na kaa penye hewa.

Mashine ya vijiti, hii iliyo kila kona inayochomelea mageti, kwa bati la milimita 1 inakunyima raha, moto wake ni mkubwa, unapiga tundu, unajaza tundu, linazaa tundu lingine. Kinachofaa ni mashine ya waya, waya wa milimita 0.6 ikiwezekana, na gesi ya kulinda kile kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka hewa isikifikie. Sasa sie wa pwani tuna upepo. Mwanzoni nilikuwa nachomelea saa tisa alasiri, upepo wa bahari unapeperusha gesi yote, kila pointi inatoka na vitundu kama sega la nyuki, nikawa nalaumu waya, nikabadilisha waya, wapi. Nilipohamia asubuhi mapema kabla upepo haujaamka na nikaweka turubai upande mmoja, pointi zikatoka laini zinang'aa. Kuna pia waya wenye poda ndani usiohitaji gesi, huo unavumilia upepo zaidi, ila mashine nyingi lazima ugeuze waya za ndani ili bunduki ya kuchomelea iwe upande wa hasi, ukiacha chanya kama ya gesi inatema cheche kila mahali na haishiki.

Afu joto. Watu wanaharakisha hapa na hapa ndo kazi inapoharibikia. Chukua bati la sentimita 30, lipandishe joto nyuzi 500, linarefuka karibu milimita 2. Likipoa linajivuta kurudi, na lile eneo lililoyeyuka linajivuta zaidi ya lilivyokuwa, ndo mana ukipiga mstari mmoja mrefu bila kupumzika sakafu inajikunja kama samaki aliyetupwa kwenye kikaango. Piga pointi moja, sekunde moja tu, nenda kona ya mkabala piga nyingine, rudi katikati, afu acha. Weka kiganja, kama huwezi kukiacha hapo subiri. Mimi nilikuwa napiga pointi sita nakwenda kunywa chai, jumla upande mmoja ulichukua wikiendi tatu na haukupinda. Palipotoboka weka kwa nyuma kipande cha shaba, nilitumia bomba la friji bovu nikaliponda likawa bapa, shaba inanyonya joto haraka na chuma hakigandi juu yake, unajaza tundu afu unaiondoa.

Pale sakafu inapoungana na uti wa katikati toboa pointi za kiwandani kwa drili, weka bati jipya lenye matundu ya milimita 8 ukingoni, ujaze tundu moja moja kwa moto. Hapo simama kidogo. Ndani ya huo uti wa katikati linapita bomba la petroli, kutoka tenki la mbele kwenda injini ya nyuma. Yani unapiga moto sentimita chache kutoka kwenye bomba ambalo hulioni. Toa tenki kabisa lipeleke mbali, mwaga na upulize bomba lote likauke, ng'oa felti na lami iliyo karibu kwa sababu vinashika moto kimya kimya, angalia bomba la breki linapopita, betri iwe nje. Mtu wa pili akae na ndoo ya maji na mchanga, na ukimaliza usiondoke nusu saa nzima. Kama ulisafisha kwa dawa ya breki ya kopo hakikisha imekauka yote, zile zenye klorini zikikutana na moto wa kuchomelea zinatoa gesi ya sumu kali sana. Na macho, hata pointi moja "ya haraka" bila helmeti usipige, usiku macho yanakuwa kama yamejazwa mchanga na hulali.

Kumalizia, kila ungio lipate praima ya zinki, yani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, afu gundi maalumu ya kuziba maungio ya bodi, juu na chini, ndo uje na rangi na lami. Lami peke yake juu ya chuma kisicho na praima ikipata ufa mmoja inageuka kuwa lile lile felti, inashika maji.

Kuna watu wananiuliza kwa nini nisinunue tu gari nyingine. Hizi zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 mpaka ya mwisho ilipotoka Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003, na moja kama hizi ilishinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1962 ikiendeshwa na Tommy Fjastad, kwenye barabara zetu hizihizi. Bati la sakafu lilinigharimu kidogo kuliko tairi mbili. Yangu saa hizi betri inakaa kwenye trei ya plastiki yenye kingo juu ya mpira mnene, na ina kifuniko chake, mana springi za siti mtu mzito akikaa zinaweza kugusa vichwa vya betri na kuwasha siti. Kapeti sijalirudisha bado. Masika ikifika nitaweka gazeti kavu sakafuni usiku wa mvua, asubuhi niangalie lilipolowa ni wapi, mana mpira wa kioo ule wa kushoto bado siuamini.