Gemu ya Kuongoza Ndege: Tunayoambiwa Kijiweni na Yalivyo Kweli

Nikimwambia mtu kazi yangu, kutengeneza gemu ya simu ya kuongoza ndege, swali la kwanza halibadiliki: "Kwa hiyo mchezaji anarusha ndege?" Harushi. Rubani ana chumba chake huko mbele, mchezaji wetu yuko mnarani. Anapanga nani atue, nani azunguke angani akisubiri, nani apewe njia aondoke. Tuko watatu kwenye chumba kimoja hapa Sakina, Arusha, na tangu tuanze nimesikia mengi yanayosemwa kwa uhakika kabisa kuhusu gemu za aina hii. Mengine niliyasema mimi mwenyewe.

"Mwongoza ndege ni yule mwenye vijiti."

Yule mwenye vijiti na fulana inayong'aa anaielekeza ndege ikiwa tayari chini, inaingia maegesho. Mwongoza ndege hata humwoni. Yuko mnarani au mbele ya rada, na kifaa chake kikuu ni sauti. Nembo yetu ya kwanza ilikuwa na vijiti. Tuliilipia, tukaitupa.

"Ni gemu ndogo tu, wiki mbili imeisha."

Hii ina chanzo chake. Mwaka 2009 studio ya Firemint ya Melbourne, Australia, ilitoa Flight Control kwenye iPhone: unagusa ndege, unaichorea njia kwa kidole mpaka uwanjani, basi. Robert Murray, mwenye studio, aliianza kama kazi ya likizo ya Krismasi na ikakamilika ndani ya muda mfupi. Watu wanaishia hapo kusimulia. Wanachoruka ni kwamba studio hiyo ilianzishwa 1999. Wiki chache zile zilikuwa na miaka kumi nyuma yake.

Sisi ndege zilianza kutua siku ya tisa. Tukashangilia, tukaenda kula chipsi mayai. Kisha nikampa simu dereva mmoja wa bodaboda hapo kijiweni. Kioo kina ufa pembeni, dole gumba nene la mtu wa klachi. Akagusa ndege mara tatu, haikushika. Ya nne ikashika, lakini dole likaifunika yote, na nyingine ikaja kuigonga bila yeye kuiona. "Kaka," akaniambia, "ndege yako imejificha chini ya dole langu."

Miezi saba iliyofuata ilikuwa ya lile dole. Mwongozo wa Android unashauri kitu cha kuguswa kiwe na upana wa takriban milimita 9. Ndege zetu zilikuwa nusu ya hapo. Tukapanua eneo la mguso bila kukuza picha. Basi ndege zikikaribiana, maeneo yakawa yanapandana: unagusa Caravan, ile ndege ndogo, inashika Boeing. Sasa programu inasubiri kidole kisogee kidogo, inaangalia kinaelekea wapi, halafu inachagua ndege ambayo pua yake iko upande huo. Hakuna mchezaji aliyewahi kutusifia kwa hilo, wala hatutarajii.

"Ndege mbili zikipishana kwenye skrini, zimegongana."

Hapa nilisahihishwa na mzee mmoja, mwongoza ndege mstaafu, jirani wa mwenzetu. Nilimwamkia, nikamwekea simu mezani, akavaa miwani. Akaangalia dakika mbili, akacheka.

"Mwanangu, hawa umewaua bure. Mmoja akiwa futi elfu tisa na mwingine elfu kumi, si wanapita tu?"

Yuko sahihi. Angani kuna juu na chini: tofauti ya futi 1,000, kama mita 300, inatosha ndege kupishana salama. Skrini yetu ni bapa, haina juu. Tulijaribu kuandika urefu pembeni ya kila ndege, na ndani ya jioni moja gemu ikageuka kazi ya ofisi. Wachezaji wanasoma namba badala ya kuchora. Tukazifuta. Wanaodhani gemu inakuwa bora kadiri inavyokaribia mnara halisi hawajawahi kumwangalia mtu akiifungua baada ya siku nzima kazini.

Lakini kuna jambo la mzee tulilolishika kwa mikono miwili. Ndege kubwa huacha nyuma yake upepo unaozunguka kama kimbunga kidogo, na ndege ndogo ikiingia humo inaweza kupinduliwa. Kwa kanuni za kimataifa, ndege nyepesi kama Caravan inayotua nyuma ya ndege nzito kama Boeing 787 huachiwa maili 6 za baharini, yaani kilomita 11 hivi. Sasa weka na mwendo: Caravan inakaribia uwanja kwa kilomita 160 kwa saa au chini kidogo, Boeing kwa 260 hivi. Ukimtanguliza mdogo, mkubwa anamfikia mgongoni. Ukimtanguliza mkubwa, mdogo anapigwa na upepo wake au asubiri. Hakuna mpangilio wa bure, na hapo ndipo gemu yetu ilipopatikana, baada ya miezi ya kuongeza honi na rangi.

"Weka Mlima Kilimanjaro, itajiuza yenyewe."

Tuliuweka, theluji na yote. Wiki nzima hakuna aliyeutaja, maana ulikuwa pambo. Tukarudi kwenye ramani. KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ina njia moja ya kurukia, mita 3,600 hivi, imelala mashariki-magharibi. Ndiyo maana ncha zake zinaitwa 09 na 27, nyuzi 90 na 270 za dira. Kilimanjaro, mita 5,895, uko kaskazini mashariki yake. Meru, zaidi ya mita 4,500, uko upande wa magharibi, umeegemea kaskazini kidogo. Tukafanya milima iwe sehemu ambayo mstari wako haupiti: ukichora juu yake unakatika. Siku hiyohiyo watu wakaanza kuutukana mlima. Nilifurahi sana. (Umbali tumeubana ili vyote vienee kwenye simu, watu wa Moshi mnisamehe.)

"Lazima uwe na kompyuta ya mamilioni."

Hapana. Tunatumia Godot, programu ya kutengenezea gemu isiyolipiwa hata senti, kwenye laptopu za mtumba. Kilichotugharimu ni simu za bei nafuu za kujaribia, na zilihitajika nyingi.

"Ukishaipandisha Play Store, hela inaingia."

Kwanza unatoa wewe: dola 25 mara moja kwa Google, kwa Apple ni dola 99 kila mwaka. Wakianza kukulipa, studio ndogo inakatwa asilimia 15. Ukitegemea matangazo, kumbuka Mtanzania anayecheza kwenye daladala amezima data kulinda bando, na bila data tangazo halishuki.

Halafu kuna mlango ambao wengi hawaujui. Kwa Google, akaunti ya mtu binafsi iliyofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 haiachiwi kutoa gemu kwa umma mpaka iwe na wajaribuji 12 waliokaa kwenye jaribio siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitaka 20. Kumi na wawili inasikika kidogo mpaka uanze kuwahesabu. Tulikuwa nao kamili, bila hata mmoja wa akiba, na siku ya tisa shemeji yangu akajitoa kwa sababu aliambiwa kubaki humo kunakula bando.

Nilimpigia. Alikuwa Mbauda sokoni, kelele tupu, akadhani nadai hela. Nikamtumia bando la wiki mbili, akarudi jioni, na tukaanza kuhesabu upya kutoka moja.