Kumtumaini Mungu huku mikono inatetemeka

Ninapokaa kando ya kitanda cha mgonjwa, Unguja au Pemba, mara nyingi ugonjwa wenyewe hauwi wa kwanza kutajwa. Naambiwa, "Padri, nahisi imani yangu imepungua, maana naogopa." Mtu anasubiri kupasuliwa, au presha imepanda, au kasimamishwa kazi hotelini masika yalipoingia na wageni wakapungua. Juu ya mzigo huo anajitwisha mwengine, aibu ya kuogopa.

Humfungulia Zaburi ya 56. "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe" wengi wanaijua kwa moyo. Yanayorukwa ni maelezo ya juu yake, kwamba ni ya Daudi, Wafilisti walipomkamata Gathi. Rudi 1 Samweli 21 uone alivyokuwa. Kamkimbia Sauli, kaingia mji wa maadui na upanga wa Goliathi, mtu wa Gathi hiyohiyo, na watumishi wa mfalme Akishi wamemtambua. Akajitia wazimu. Akakwaruza milango ya lango, akaacha mate yamtiririke ndevuni. Huyo ndiye anayesema "nitakutumaini". Wala zaburi haisemi hofu ilimtoka kwanza.

Basi simwambii mtu atulie ndipo asali. Asali na hofu yake, na aitaje waziwazi: kufa, deni, watoto kubaki peke yao. Zaburi ya 88 inaishia gizani, haina shukrani ya kufungia, na bado ni sala. (Zile shuhuda za kanisani zinazoruka kutoka msiba hadi ushindi kwa dakika tano, sina subira nazo. Aliye katikati ya shida huzisikia kama lawama.)

Halafu kuna Getsemane. Yesu alimlilia Baba, lakini pia aliwataka Petro, Yakobo na Yohana wakeshe naye. Alitaka watu karibu. Hapa ndipo Wakristo wa visiwani tunapokwama. Sisi ni wachache, wengi wetu asili yetu bara, ndugu wako ng'ambo ya maji, na mtu hujifungia ndani asionekane mnyonge. Jirani Mwislamu akibisha hodi na bakuli la uji, mfungulie. Kulikataa bakuli lile eti unamngoja Mungu, mimi siiiti imani.

Mbweni, hapa Unguja, tunao mfano wetu wenyewe. UMCA, misheni ya Waanglikana kutoka Uingereza, iliwapa makao pale watumwa walioachiwa huru, watu waliotenganishwa na wazazi wao, vijiji vyao, hata lugha zao. Walifundishwa sala, ndiyo, lakini walipata pia nyumba, ardhi ya kulima na shule. Kwao msaada wa Mungu ulikuwa na paa.

Na dawa ni hivyohivyo. Kuacha vidonge vya presha ili kuonyesha imani ni kumjaribu Mungu, na hilo nalisema bila kuzunguka.

Wewe unayekwenda kumtazama mgonjwa, punguza mistari ya Biblia. Uliza nani atalala naye leo, nani anawapeleka watoto skuli, nauli ya boti ipo au haipo. Kisha msali pamoja, maneno machache tu, kwa kuwa mwenye maumivu hawezi kuifuata sala ndefu.