2147483647: mambo tunayodanganyana kuhusu hii namba

Kama umewahi kujifunza programu hapa Nairobi, hata kama ni kwa simu tu ukiwa umekwama kwa matatu Thika Road, hii namba ushakutana nayo, ndiyo kubwa kabisa inayoingia kwa biti 32 za kompyuta, na hadithi zake hazikosi.

Inayozunguka sana ni ati waliounda kompyuta waliichagua juu ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe. Zii. Biti, yaani vijisehemu vya 0 ama 1, ziko 32, moja inashika alama ya chanya ama hasi, zinabaki 31, ukiziweka zote 1 unapata 2^31 − 1, basi, hakuna siri. Kuwa tasa imetokea tu. Angalia wenzake: mkubwa wa biti 16 ni 32767, ambayo ni 7 × 31 × 151, na yule mkubwa wa biti 64, 9223372036854775807, pia anagawanyika kwa 7.

Wengine husema ni tasa kwa sababu 31 ni tasa. Hiyo ni nusu ya ukweli. 31 isingekuwa tasa hii nayo haingekuwa, lakini kinyume chake hakisimami, 11 ni tasa na 2^11 − 1 ni 2047, yaani 23 × 89.

Halafu kuna wale wanaamini lazima ujaribu kugawanya na kila namba hadi mwisho ndio uhakikishe ni tasa. Kwanza unaishia 46340 tu, hapo ndipo kipeuo chake cha pili kinafika. Pili, mwanahisabati Euler alishamaliza hii kazi kufikia 1772 bila kompyuta yoyote, alionyesha kwamba kigawanyo chochote cha hii namba, kama kipo, ukikigawanya kwa 248 lazima kibakishe 1 ama 63, so karibu namba zote zinaanguka hata kabla ujaribu. Ya kwanza iliyo tasa ya kujaribiwa ni 311 (248 + 63), na hapo unabaki na 35. Unaendelea hivyo na hakuna inayoingia. Mimi hii ndio sehemu napenda, sijui mbona watu huiruka.

Ukubwa nao? Mwaka wa 1811 mwanahisabati Peter Barlow aliandika kuwa hakuna mtu angejisumbua kutafuta kubwa zaidi ya aina hii, yaani tasa ya 2 kwa kipeo fulani ukitoa 1. Mwanahisabati mwingine, Lucas, akaleta 2^127 − 1 mwaka wa 1876, na ile ya Oktoba 2024, 2^136279841 − 1, ina tarakimu 41,024,320. Hii yetu ina kumi.

Na ile hadithi ya kompyuta kuchanganyikiwa tarehe 2038, wasee, haihusiani na utasa hata kidogo. Ni saa zinazohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa biti 32, zitajaa 19 Januari 2038, kwa saa za Nairobi ikiwa saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi, sekunde moja baadaye zinaruka nyuma hadi Disemba 1901. Mashine inayohesabu kwa biti 64 itapita hapo kama kawaida.