Je, kila dirisha lililozibwa lilikwepa kodi?

Nyumba nyingi za mjini zilizojengwa Uingereza kati ya 1714 na 1830, enzi ya wafalme wanne walioitwa George, zina dirisha moja au mawili yaliyozibwa kwa matofali. Wengi huamini yote yalizibwa ili kukwepa kodi ya madirisha.

Kodi hiyo ilikuwapo kweli, tangu 1696 hadi 1851, na wapo walioziba madirisha kwa ajili yake. Lakini mengi hayakuwahi kutiwa kioo. Wajenzi wa enzi ile walijali mno ulinganifu wa ukuta wa mbele. Pale ambapo nyuma yake palipita njia ya moshi au ukuta wa kugawa vyumba, walijenga umbo la dirisha tu, ili safu isikatike. Mengine hata yalipakwa rangi nyeusi na kuchorwa vioo. Mengine tena yalizibwa baadaye sana, vyumba vilipopangwa upya.

Ukitaka kujua, anza na kingo. Tofali la rangi tofauti, chokaa isiyofanana na mshono wa wima ulionyooka kila upande kwa kawaida huonyesha uzibaji wa baadaye. Safu za matofali zikiendelea sawa na za ukuta, huenda ni dirisha la bandia tangu mwanzo. Kisha tazama paa: dohani ikiwa juu yake moja kwa moja, sababu inaelekea ni hiyo. Ukuta ukiwa na lipu nje, ingia ndani utafute fremu au vibao vya kufungia dirisha. Dirisha la bandia kwa kawaida halina.